Wiki saba gizani: zana za bure ambazo ningeziweka kabla ya kuzindua tovuti

Siku ya nane baada ya kuzindua tovuti ya kampuni yetu changa, niliandika jina letu kwenye Google. Yakaja majina yanayofanana na letu, ikaja duka la nguo, ikaja bendi ya muziki ambayo sijawahi kuisikia. Sisi hatukuwemo. Mwenzangu akasema, "Tulia, Google huchukua muda." Nikatulia. Wiki ya tatu nikatulia tena, kwa shida. Wiki ya saba nikaketi chini nikafungua akaunti ya Google Search Console, zana ya Google ya kumwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoiona tovuti yake, jambo ambalo nilikuwa naliahirisha kwa kudhani ni kazi ya wataalamu, na ndani ya dakika chache jibu likawa mbele yangu: kila ukurasa wetu ulikuwa unaiambia injini ya utafutaji isituorodheshe.

Neno lenyewe ni moja tu, noindex. Fundi aliyetutengenezea tovuti alikuwa ameliweka kwenye msimbo wa kila ukurasa wakati wa majaribio, na alifanya vizuri, maana hutaki kazi ambayo haijakamilika ionekane. Siku ya uzinduzi alinakili kila kitu kutoka seva ya majaribio, na neno lile likanakiliwa nalo. Ukiwa mtu wa kawaida unayefungua tovuti kwenye simu, huoni chochote kibaya. Inafunguka, inapendeza, marafiki wanasifia. Anayeliona neno lile ni roboti peke yake, yaani programu ya injini ya utafutaji inayopita kusoma tovuti, naye hutii bila kukuuliza.

Ndiyo maana nikiulizwa na mtu anayeanzisha biashara mtandaoni aanzie wapi, simwambii aanze na maneno muhimu wala viungo. Namwambia aweke kwanza macho ya kumwonyesha injini za utafutaji zinaiona vipi tovuti yake, na aweke kabla ya siku ya uzinduzi. Macho hayo ni ya bure. Hayatakupandisha hata nafasi moja kwenye matokeo, na anayekuambia kwamba kujisajili tu kunapandisha anakudanganya. Kazi yake ni kukuambia kinachoendelea.

Nani mwenye funguo?

Zana ya kwanza ni hiyo Search Console. Wakongwe wanaikumbuka kwa jina la Webmaster Tools, lililobadilishwa mwaka 2015. Ukiingia, itakutaka uthibitishe kwamba tovuti ni yako, na hapo utakutana na njia mbili. Moja ni ya kusajili anwani moja kamili, pamoja na ile https ya mwanzo. Nyingine ni ya kusajili domeni nzima, yaani jina la tovuti pamoja na anwani zote zilizo chini yake.

Chagua domeni nzima. Ukisajili anwani moja, zana inakuhesabia anwani hiyo tu. Tovuti ikifunguka kwa www na bila www, au ukiongeza blogu kwenye anwani yake ndogo, utakuwa unaona kipande tu ukidhani unaona yote. Usajili wa domeni unakusanya vyote pamoja. Gharama yake ni kwamba lazima uingie pale ulikonunulia jina la domeni na kuongeza rekodi ya aina ya TXT kwenye DNS, yaani orodha ya mipangilio ya jina hilo. Jina hilo linatisha kuliko kazi yenyewe: unapewa mstari mrefu wa herufi, unaunakili, unaubandika, unahifadhi. Wakati mwingine uthibitisho unapita papo hapo, wakati mwingine unangoja saa kadhaa mpaka rekodi isambae. Ukishathibitishwa, usiifute rekodi ile kwa kudhani imemaliza kazi yake. Google hurudi kuikagua mara kwa mara, na isipoiona unapoteza haki ya kuingia.

Sasa la muhimu zaidi, ambalo nililijua kwa kuumia. Tulipomkabidhi mtu mwingine wa nje kazi ya matangazo, alituomba ruhusa ya kusajili tovuti kwenye zana za uchambuzi. Tukamwachia. Akasajili kwa barua pepe yake binafsi. Mkataba ulipoisha akaondoka, si kwa ugomvi, na mwaka mzima wa takwimu ukabaki kwenye akaunti yake huku sisi tukianza upya kutoka sifuri. Fungua akaunti kwa barua pepe ya kampuni, wewe ndiye uwe mmiliki, kisha wengine wape ruhusa ya mtumiaji kwa kadiri ya kazi yao. Na mtu akiondoka, usiishie kulifuta jina lake kwenye orodha. Kama alithibitisha kwa faili au lebo aliyoiweka kwenye tovuti, kiondoe nacho, la sivyo anaweza kurudi kwa mlango ule ule.

Ramani ya tovuti na faili la robots.txt

Ukishaingia, wasilisha ramani ya tovuti. Hili ni faili linaloorodhesha kurasa zako ili roboti isihangaike kuzitafuta. Mifumo mingi ya kutengenezea tovuti huliunda yenyewe, na kwa kawaida hukaa kwenye anwani inayoishia na sitemap.xml. Faili moja linabeba hadi anwani 50,000, kwa hiyo biashara changa haina cha kuogopa. Lifungue ulisome kwa macho yako kabla ya kuliwasilisha. La kwetu lilikuwa na anwani za seva ya majaribio, yaani tulikuwa tunaialika Google kwenye nyumba ambayo hatuishi tena.

Halafu kuna robots.txt, faili dogo linalokaa kwenye mzizi wa tovuti na kuziambia roboti zisipite wapi. Utaratibu huu ulianza mwaka 1994, enzi ambazo tovuti za dunia nzima zilikuwa chache, na ukaandikwa rasmi kama kiwango cha intaneti mwaka 2022. Hapa kuna fumbo lililowazungusha watu wengi, nikiwemo mimi. Ukitaka ukurasa usionekane kwenye matokeo, akili ya kawaida inakwambia weka yote mawili: uzuie kwenye robots.txt, na uweke noindex kwenye ukurasa. Ukifanya hivyo umejifunga mwenyewe. Roboti iliyozuiwa mlangoni haiingii, na isipoingia haiwezi kulisoma lile neno noindex ulilolibandika ukutani. Matokeo yake, anwani ya ukurasa inaweza kuonekana kwenye matokeo bila maelezo yoyote, kwa sababu tu kuna tovuti nyingine iliyoweka kiungo cha kuja kwako. Ukitaka kitu kisionekane kabisa, mwache roboti aingie akute noindex. Na kama ni siri ya kweli, au kazi iliyo kwenye majaribio, weka nenosiri. Robots.txt si kufuli. Ni kibao cha "usipite hapa", na kibao hicho yeyote anaweza kukisoma, pamoja na orodha ya sehemu unazojaribu kuzificha.

Ripoti ya kurasa, na jinsi ya kutoogopa

Siku chache baada ya kusajili utaanza kuona ripoti ya kurasa zilizoingizwa kwenye faharasa, yaani hifadhi ya kurasa ambazo Google huchota matokeo yake, na zisizoingizwa. Namba ya zisizoingizwa itakushtua. Ya kwetu ilikuwa kubwa kuliko ya zilizoingia, nikataka kumpigia fundi simu usiku. Tulia usome sababu. Nyingi hazina ubaya: anwani inayoelekeza kwenye nyingine, ukurasa wa kuingilia akaunti, nakala ya ukurasa ambao tayari umeingia kwa anwani yake rasmi. Hizo ndivyo zinavyotakiwa kuwa.

Zinazostahili usingizi wako ni hali mbili. Ya kwanza ni pale Google inaposema imeujua ukurasa lakini bado haijautembelea. Kwa tovuti mpya ni jambo la kawaida, ila ukiona kurasa zako za maana zinakaa hapo miezi, angalia kama zina viungo vya ndani. Ukurasa ambao hata wewe mwenyewe hujauunganisha na ukurasa wako wa mwanzo, unataka nani auone una maana? Hali ya pili ni kali zaidi: imeutembelea, imeusoma, na bado haikuuingiza. Mara nyingi hapo tatizo ni ukurasa wenyewe. Sisi tulikuwa na kurasa kumi na moja za huduma zilizotofautiana kwa kichwa cha habari tu, maneno mengine yote ni yale yale. Tuliziunganisha zikawa tatu zilizoandikwa vizuri, na zote tatu zikaingia.

Ndani ya zana hiyo hiyo kuna sehemu ya kukagua anwani moja moja. Mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Unabandika anwani ya ukurasa, unaambiwa kama imo kwenye faharasa, ilitembelewa lini mara ya mwisho, na kama kuna kilichoizuia. Ukiomba jaribio la moja kwa moja unaonyeshwa hata picha ya ukurasa kama roboti ilivyouona, nayo huuona kwa macho ya simu, kwa kuwa Google siku hizi huzisoma tovuti kama mtu aliyeshika simu. Usiruke hatua hii kama tovuti yako imejengwa kwa JavaScript nyingi, yaani msimbo unaounda yaliyomo wakati ukurasa unafunguka. Ukurasa wetu wa bei, uliokuwa unapendeza kwenye kompyuta zetu, kwenye picha ile ulikuwa mweupe mtupu, kwa sababu yaliyomo yalitegemea faili ambalo tulikuwa tumelizuia wenyewe kwenye robots.txt.

Hapo pia kuna kitufe cha kuomba ukurasa uingizwe. Kibonyeze mara moja, kisha nenda ukafanye kazi nyingine. Google imeeleza wazi kwamba kurudia ombi la anwani ile ile hakuharakishi chochote. Nilikibonyeza kila asubuhi kwa wiki nzima kabla ya kulisoma hilo.

Maneno ambayo watu wanayatumia kweli

Ripoti ya utendaji ya Search Console ndiyo inayokuja kuwa tamu baadaye. Ina vipimo vinne: mara ulizoonekana kwenye matokeo, mibofyo uliyopata, asilimia ya mibofyo hiyo, na nafasi yako ya wastani. Hifadhi yake ni ya miezi 16, na usitegemee kupata habari za kabla hujasajili tovuti. Hiyo peke yake ni sababu ya kusajili leo hata kama huna muda wa kuangalia mpaka mwezi ujao.

Angalizo kuhusu nafasi ya wastani. Mwezi wa nne tuliona wastani wetu ukishuka vibaya, kutoka ya 6 hadi ya 23, na kikao kizima kikageuka matanga. Kumbe tulikuwa tumeanza kuonekana kwa maneno mengi mapya, mengi yao tukiwa ukurasa wa tatu au wa nne, na hayo ndiyo yaliyouvuta wastani chini. Zamani tulikuwa tunaonekana kwa jina letu tu, na kwa jina lako mwenyewe lazima uwe juu. Mibofyo ilikuwa imeongezeka. Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuchuja utafutaji wenye jina la kampuni nikauweka pembeni, kwa sababu anayeandika jina lako tayari anakujua. Ninaowataka ni wasionijua.

Kisha natafuta maneno ambayo tunaonekana mara nyingi na kubofywa mara chache. Hapo ndipo tulipogundua kwamba sisi tunaiita huduma yetu kwa jina la kitaalamu ambalo wateja hawalijui, huku wao wakiitafuta kwa swali refu linaloanza na "jinsi ya". Tulibadilisha kichwa cha ukurasa mmoja kikafanana na swali lao. Sikuandika makala mpya, sikununua kiungo. Ukurasa huo ndio unaotuletea wageni wengi mpaka leo.

Ukijumlisha maneno yaliyoorodheshwa na jumla isilingane na ile ya juu, usidhani kuna hitilafu. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno hufichwa kulinda faragha yao, na jedwali lenyewe huishia mistari 1,000.

Bing, na nyingine ndogo ndogo

Watu huidharau Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft. Bing Webmaster Tools nayo ni ya bure, na inakubali kuchukua usajili wako moja kwa moja kutoka Search Console, kwa hiyo kazi yote ni kama dakika tano. DuckDuckGo, injini nyingine, huchota sehemu kubwa ya matokeo yake kutoka Bing, maana yake unaangalia zaidi ya injini moja kwa mara moja. Tena Bing ina IndexNow, utaratibu ulioanzishwa mwaka 2021 kwa ushirikiano na Yandex, injini ya Urusi, ambao tovuti yako yenyewe inatoa taarifa kila ukurasa unapobadilika badala ya kungoja kutembelewa. Google haimo katika utaratibu huo, lakini kwa Bing sisi tumeona kurasa mpya zikiingia upesi.

Kuhusu kasi, tumia PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi ya ukurasa. Vipimo vya kukumbuka ni vitatu: sehemu kubwa ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na vitu visirukeruke wakati ukurasa unafunguka, yaani alama isizidi 0.1. Ripoti ya kasi iliyomo ndani ya Search Console inaweza kukuambia haina data za kutosha. Hiyo si kasoro: inategemea vipimo vya watumiaji halisi wa Chrome, na tovuti changa bado haina watu wa kutosha. Na usiifukuzie alama 100. Nimeona watu wakipoteza mwezi mzima kutoka 91 hadi 97 ilhali ukurasa wao wa mawasiliano umeandikwa namba ya simu isiyofanya kazi.

Google Analytics, zana ya kuhesabu wageni wa tovuti, nitaigusa kwa jambo moja tu: ingia kwenye mipangilio ubadilishe muda wa kuhifadhi data, kwa sababu yenyewe huanza na miezi 2 na unaweza kuipeleka hadi 14. Na namba zake hazitalingana na za Search Console. Moja inahesabu mibofyo kwenye matokeo, nyingine inahesabu ziara zilizofika na kukubali kuhesabiwa, na siku ya Search Console hufuata saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Usitumie mchana mzima kuzipatanisha.

Weka pia zana ya bure ya kukuarifu tovuti ikizimika. Zipo nyingi na zinafanana. Hapa nina kisa. Tulipohamisha seva tuliweka ukurasa mmoja wa "Tutarudi hivi punde" kwa siku mbili kwenye anwani zote. Seva ilikuwa inautoa ukurasa ule kwa msimbo 200, ambao maana yake ni "kila kitu kiko sawa". Google ikaamini kwamba hayo ndiyo maudhui yetu mapya, na kwa zaidi ya wiki mtu aliyetutafuta alikutana na kichwa "Tutarudi hivi punde" ilhali sisi tulisharudi zamani. Ukifunga kwa matengenezo, seva itoe msimbo 503. Huo unaiambia roboti kwamba hali hii ni ya muda, irudi baadaye. Ila usikae nao wiki nzima, maana nao ukidumu kurasa huanza kuondolewa.

Ratiba

Miezi ya mwanzo nilikuwa naangalia takwimu mara nne kwa siku, nikipanda na kushuka nazo kama homa. Takwimu kamili za utafutaji huchelewa siku mbili tatu hata hivyo, kwa hiyo nilikuwa nahangaikia juzi. Sasa naangalia Jumatatu asubuhi, nusu saa: kurasa mpya zimeingia? Kuna kosa jipya? Maneno gani yamejitokeza? Katikati ya wiki nangoja barua pepe za Search Console zenyewe, kwa sababu ikiona tatizo la usalama au adhabu huandika. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na barua hizo ninazifungua siku hiyo hiyo. Tunaweka pia daftari la pamoja la kila badiliko na tarehe yake: lini tulibadilisha kichwa, lini tulihama seva. Grafu ikishuka, tunafungua daftari kwanza.

Jiandae pia kwa barua za aina nyingine. Ukishasajili domeni mpya, watu usiowajua watakuandikia kwamba tovuti yako "haijasajiliwa kwenye injini za utafutaji" na kwamba kwa ada fulani wataisajili kwenye mamia ya injini. Usilipe. Umeshaona kazi yenyewe ni nini.

Siku hizi seva yetu ya majaribio inalindwa kwa nenosiri, hakuna tena noindex ya kusahaulika. Hata hivyo kwenye orodha yetu ya siku ya uzinduzi, mstari wa kwanza kabisa, juu ya matangazo na juu ya keki ya sherehe, umeandikwa: kagua anwani tano kwenye Search Console, jaribio la moja kwa moja, tazama picha. Fundi wetu wa sasa hucheka akiuona. Mwezi uliopita aliufuata, akakuta ukurasa wa malipo umezuiwa, akautengeneza kabla ya saa sita mchana.